Nani Mwenye Mchoro? Kugawa Majukumu ya Mfumo wa Data za Kihandisi Kiwandani

Fundi wa zamu akifungua pampu saa nane za usiku, iwe Pongwe au Kiomoni, ana swali moja tu: mchoro huu nilioushika ndio wenyewe? Kama hawezi kupata jibu bila kumwamsha mtu, basi kampuni imenunua programu ya kutunzia michoro lakini mfumo bado haina. Hapa tunaelekeza jinsi ya kugawa kazi za mfumo huo katika kiwanda au karakana ya ukubwa wa kati mkoani Tanga, yenye watu kama 10 hadi 40 wanaogusa michoro, orodha za vipuri na maelezo ya mitambo. Iwe saruji, chokaa, katani au uundaji wa vyuma, mgawanyo ni uleule. Jina la programu halibadilishi kitu.

Hatua ya 1: Daftari kwanza, vyeo baadaye

Kampuni nyingi huanza kwa kutangaza nani atakuwa nani, kisha hugundua kwamba hakuna anayejua kinachogawanywa. Mali bila daftari huisha bila habari. Mchukue mtu mmoja anayekijua kiwanda vizuri, mwondolee kazi nyingine kwa siku tano, azunguke na daftari lenye safu tano: kitu gani, kiko wapi, kina nakala ngapi, nani alikibadilisha mara ya mwisho, na nani ataumia kikikosewa.

Asiishie ofisini. Apite kwenye kompyuta za wachoraji, fleshi zilizomo kwenye droo, kabati la chuma la michoro ya zamani, kuta za karakana, na vikundi vya WhatsApp vya mafundi ambako picha za michoro huzunguka bila namba wala tarehe. Afungue na milango ya paneli za umeme. Ndani ya mlango mara nyingi kuna mchoro wa nyaya uliosahihishwa kwa kalamu: mstari umekatwa, namba ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) imebadilishwa, pembeni kuna sahihi isiyosomeka. Kalamu hiyo mara nyingi ndiyo ukweli pekee uliopo kuhusu paneli ile, na kwenye kompyuta haumo. Apige picha, aandike namba ya paneli, asing'oe kitu.

Vitu vitatu husahaulika karibu kila mahali: programu za PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mtambo), mipangilio ya vidhibiti mwendo vya mota, na vyeti vya ukaguzi wa boila na mitungi ya presha. Viwili vya kwanza hukaa kwenye kompyuta ya fundi umeme mmoja. Kompyuta hiyo ikifa, mtambo utaendelea kuzunguka mpaka siku kadi ya PLC itakapoungua. Hapo ndipo itakapojulikana kwamba hakuna nakala.

Hatua ya 2: Tenganisha tabaka tatu

Kosa kubwa kuliko yote ni kuikabidhi idara ya TEHAMA kila kitu, eti kwa sababu kimo ndani ya kompyuta. Mlinzi wa ghala la katani ndiye mwenye funguo, anazuia mvua isiingie, anahesabu marobota yanayoingia na kutoka. Daraja la katani hapangi yeye. Hapa ni hivyohivyo, na tabaka zenyewe ni tatu.

Ya kwanza ni data: kipenyo, aina ya chuma, namba ya kipuri, toleo. Hii ni mali ya uhandisi. Ya pili ni mfumo wenyewe: nani anaweza kufungua nini, namba zinatolewaje, mchoro unapita mikono mingapi kabla ya kutolewa. Hii nayo ni ya uhandisi, ila inahitaji mtu mwenye kipaji cha kompyuta. Ya tatu ni chombo kinachobeba yote: seva, mtandao, nakala za akiba, akaunti za kuingilia. Hapo ndipo TEHAMA wanapotawala, na wahandisi wanapaswa kunyamaza.

Tabaka zikichanganywa, madhara yake yanajulikana. TEHAMA wakiachiwa data, watapanga folda kwa majina ya idara, na idara zikibadilishwa michoro inapotea. Wahandisi wakiachiwa seva, kila mmoja atakuwa na neno la siri la msimamizi mkuu, na siku faili zikifutwa hakuna aliyefuta.

Hatua ya 3: Taja watu

Mwenye mfumo ni mtu mmoja. Kwa kawaida ni mkuu wa uhandisi. Kama kiwanda kina vitengo viwili vya uhandisi vinavyovutana, awe meneja wa kiwanda. Ndiye anayeshika bajeti, anayeamua kanuni, na anayesema hapana. Usiweke kamati kwenye nafasi hii. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Msimamizi wa mfumo anatoka miongoni mwa wachoraji au wahandisi vijana, yule ambaye wenzake humwita programu ikigoma. Anatengeneza haki za watumiaji, fomu, namba, na anafundisha. Kwa watumiaji 30 mtengee siku mbili kwa wiki, na miezi mitatu ya mwanzo wiki nzima. Ukimpa kazi hii juu ya kazi yake yote ya zamani hutampata, na haki za watumiaji zitabaki kama zilivyokuja kutoka kwa muuzaji, yaani kila mtu kila kitu.

Mtunza nyaraka anakagua umbo, hesabu za kihandisi hazimhusu. Kwenye kisanduku cha jina la mchoro anatafuta mambo manane yanayotakiwa na kiwango cha ISO 7200: mmiliki wa kisheria, namba ya mchoro, tarehe ya kutolewa, namba ya karatasi, jina la mchoro, aliyeuidhinisha, aliyeuchora, na aina ya waraka. Kikikosekana kimoja anarudisha, hata kama mchoro ni wa mkuu wake. Asiye na ujasiri huo hafai kupewa kazi hii.

Kisha kuna wenye data, mmoja kwa kila fani: mitambo, umeme na vidhibiti, majengo. Mwenye data wa mitambo ndiye anayesema kipenyo ni 50 na si 45, na akisema, imeshasemwa. Stoo na manunuzi wanamiliki bei, mahali pa kuhifadhi na kiwango cha chini cha akiba. Maelezo ya kiufundi hawayagusi. Ofisa manunuzi akikosa aina fulani ya beringi mjini, anaomba badiliko, habadilishi mwenyewe kwenye orodha.

Kila mmoja wa hawa awe na msaidizi aliyeandikwa kwa jina. Likizo ya siku 28 ni ndefu kwa mchoro unaosubiri sahihi.

Hatua ya 4: Jaza jedwali la majukumu

Tumia herufi nne. M ni mtendaji, anayefanya kazi kwa mkono wake. W ni mwajibikaji, anayejibu mambo yakiharibika. S ni wa kushauriwa kabla. J ni wa kujulishwa baada. Mtu mmoja anaweza kuwa M na W kwa pamoja.

| Kazi | Mwenye mfumo | Msimamizi wa mfumo | Mtunza nyaraka | Mwenye data | TEHAMA | Stoo na manunuzi |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kutoa namba mpya ya mchoro | – | S | M, W | J | – | – |
| Kuidhinisha maudhui ya mchoro | J | – | S | M, W | – | J |
| Kubadilisha haki za mtumiaji | W | M | J | S | J | – |
| Kuchukua nakala ya akiba | J | S | – | – | M, W | – |
| Kuthibitisha kwamba nakala inarudishika | W | S | M | – | M | – |
| Kuongeza kipuri kwenye orodha | – | – | S | W | – | M |
| Kuondoa karatasi zilizopitwa na wakati | – | – | M, W | S | – | J |

Kanuni ni kwamba kila mstari una W moja. Ukiona mnabishana nani apewe, au mmeweka mbili ili kuleta amani, basi mstari huo ni kazi mbili zilizobanana, upasue. Mfano wa kawaida ni "kusasisha programu". Upasue uwe mistari mitatu: kuchagua tarehe ambayo haitagongana na matengenezo makubwa (mwenye mfumo), kuweka toleo jipya kwenye seva (TEHAMA), na kulijaribu kwa michoro 20 halisi kabla watu hawajaruhusiwa kuingia (msimamizi wa mfumo). Mistari 25 hadi 30 inatosha. Jedwali la mistari 90 halisomwi na mtu.

Angalia pia mistari yenye S nyingi. Kila S ni siku moja ya kusubiri.

Hatua ya 5: Hali za mchoro na nani anasukuma

Hali nne zinatosha: rasimu, unakaguliwa, umetolewa, umefutwa. Mchoraji anausukuma kutoka rasimu kwenda ukaguzi. Mwenye data anaukubali au anaurudisha. Mtunza nyaraka ndiye pekee anayebonyeza kuutoa, na ndiye anayefuta. Programu ipangwe ili mtu aliyechora asiweze kuidhinisha kazi yake mwenyewe, hata akiwa ndiye mkuu wa fani. Mpangilio huu ukizimwa "kwa muda tu, kuna haraka", hautawashwa tena.

Mafundi waone hali moja peke yake, umetolewa, na wauone kama PDF. Wakionyeshwa na rasimu, watatumia rasimu, kwa sababu ina tarehe mpya zaidi.

Kuhusu herufi za matoleo: ruka I, O, Q, S, X na Z, kama kiwango cha Marekani ASME Y14.35 kinavyoelekeza. Kwenye karatasi yenye grisi, I na 1 ni kitu kimoja, O na Q ni 0, S ni 5. Na namba ya mchoro isibebe maana nyingi. Namba iliyojaa vifupisho vya idara, jengo na mwaka hupendeza mwezi wa kwanza, kisha mtambo unahamishwa jengo na namba inaanza kusema uongo. Namba tupu yenye tarakimu sita, ikifuatana, haina cha kuhamishwa.

Hatua ya 6: Fuata badiliko moja mwanzo hadi mwisho

Kabla ya kuanza rasmi, chukua badiliko moja dogo mlipitishe mkono kwa mkono, jedwali likiwa mezani. Tuseme shafti ya pampu imekatika mara mbili kwenye kiti cha beringi upande wa mota, na mhandisi ameamua kuinenepesha kutoka milimita 45 hadi 50. Beringi inatoka 6309 kwenda 6310.

Linaonekana badiliko la mstari mmoja. Lakini 6309 ina kipenyo cha nje cha milimita 100 na upana wa 25, na 6310 ina 110 na 27. Kwa hiyo nyumba ya beringi inabadilika, kifuniko chake, sili ya mafuta, na pengine urefu wa shafti kwa hizo milimita mbili. Uvumilivu wa vipimo, yaani kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupotoka, nao uandikwe upya: ukitumia daraja la k6, kiti cha 50 kinaruhusiwa kuzidi kwa milimita 0.002 hadi 0.018. Michoro minne, mistari mitatu kwenye orodha ya vipuri, kadi mbili za stoo.

Sasa swali linalotenganisha mfumo na mchezo: shafti mpya iwe toleo C la namba ileile, au ipewe namba mpya? Kipimo ni hiki. Kama ya zamani na mpya zinaweza kubadilishana bila fundi kugusa kitu kingine, ni toleo jipya. Kama haziwezi, ni namba mpya. Hii haiwezi: shafti ya 50 haiingii kwenye beringi ya 45. Ukiiita toleo C, stoo zitakuwepo shafti mbili za toleo B na moja ya C kwenye rafu moja, chini ya namba moja, na kompyuta itasema kuna tatu. Fundi wa usiku atapewa iliyo mbele.

Mwenye data wa mitambo ndiye anayeamua hilo, lakini kwa lazima amshauri mtu wa stoo kwanza, kwa sababu stoo ndiyo inayojua kilichobaki rafuni. Zile shafti mbili za zamani lazima ziandikiwe hatima: zitumike kwenye pampu nyingine, zichongwe upya, au ziuzwe chuma chakavu. Fomu ya badiliko isiyo na kisanduku cha "kilichopo stoo kifanywe nini" haijakamilika, hata iwe na sahihi saba.

Weka muda. Ombi hadi uamuzi siku 3, kuchora na kukagua siku 5, kutoa na kusasisha kadi za stoo siku 2. La dharura usiku linaruhusiwa kwa sahihi ya mkuu wa zamu, lakini lifungwe rasmi ndani ya saa 72. Mchoro wa dharura usiofungwa ndio unaogeuka kuwa ile kalamu ndani ya mlango wa paneli.

Hatua ya 7: Umeme, joto na chumvi

Umeme ukikatika mchoraji akiwa ameshika faili, programu nyingi huacha faili likiwa limefungwa kwa jina lake. Kesho yake hakuna anayeweza kulihariri, na mtu mwenye haraka atalinakili pembeni kwa jina jipya. Hapo una michoro miwili. Amueni mapema: ni msimamizi wa mfumo peke yake anayefungua kufuli hiyo, baada ya kuongea na aliyeshika faili. Seva na kompyuta za kuchorea ziwe kwenye betri za akiba zinazoshikilia dakika 10 hadi 15, muda wa kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu au jenereta kuwaka. TEHAMA wanazipima betri hizo kila miezi mitatu kwa kukata umeme kweli. Kuangalia taa ya kijani hakutoshi.

Hewa ya bahari nayo haina huruma. Chumba cha seva chenye dirisha upande wa pwani, linalofunguliwa kiyoyozi kikiharibika, hualika unyevu wenye chumvi mpaka kwenye viungio vya kadi. Kiwanda cha saruji au chokaa kinaongeza vumbi juu yake. Dirisha lizibwe, vichujio vya kiyoyozi visafishwe kila mwezi, na iandikwe nani: TEHAMA wanaripoti, matengenezo wanasafisha, W ni ya TEHAMA.

Nakala za akiba ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya kiwanda. Diski ya nje iliyowekwa juu ya seva ileile haihesabiki kuwa ya nje. Kila miezi mitatu TEHAMA warudishe nakala kwenye kompyuta tupu, na mtunza nyaraka afungue michoro 10 anayoichagua mwenyewe, aangalie toleo, na aangalie kama modeli za mitambo kwenye kompyuta zinapata faili za vipande vyake vyote. TEHAMA wakijipima wenyewe watakuambia faili zimerudi. Ni kweli zimerudi. Kama zinafunguka, hilo ni suala jingine.

Hatua ya 8: Wakandarasi na wanaoondoka

Mkandarasi kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi akimaliza kazi, mara nyingi huacha PDF na faili kubwa la karatasi. Miaka miwili baadaye mnataka kubadilisha bomba moja, na faili la asili la kuhaririwa liko kwake. Mkataba useme wazi kabla ya sahihi: faili za asili, PDF, orodha ya michoro yenye matoleo, programu za PLC pamoja na maneno ya siri yake, vyote kwa namba za kampuni yenu na si zake. Malipo ya mwisho, tuseme asilimia 10, yasubiri mtunza nyaraka aandike kwamba vimepokelewa na vinafunguka. Mhasibu awe J kwenye mstari huo, la sivyo atalipa bila kujua.

Na nyinyi mkiwa upande wa pili, mkitengeneza vyuma au mabomba kwa ajili ya miradi kama bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, jedwali hilihili ndilo la kumwonyesha mteja akiuliza nani aliidhinisha toleo mlilokatia chuma.

Mfanyakazi akiondoka, utumishi wamjulishe msimamizi wa mfumo kabla ya siku ya mwisho, si baada. Michoro yake iliyo kwenye rasimu ihamishiwe kwa mtu mwenye jina, kompyuta yake isifutwe kabla mwenye data hajaipitia, na akaunti ifungwe siku ileile. Neno la siri la msimamizi mkuu liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa sahihi mbili, likae kwenye sefu ya meneja. Kila bahasha ikifunguliwa, neno linabadilishwa.

Hatua ya 9: Karatasi za karakanani

Karatasi zitabaki, kwa sababu mtu mwenye glovu za mafuta hawezi kusoma simu. Kila nakala inayochapishwa ibebe tarehe ya kuchapishwa na maneno "Hakiki toleo kabla ya kutumia". Zile za kudumu ukutani zipigwe muhuri mwekundu wa mtunza nyaraka, ziandikwe kwenye rejista kwa mahali: karakana, ukuta wa mashariki, nafasi ya 4. Isiyo na muhuri inaondolewa na yeyote anayeiona, bila kuomba ruhusa.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi mtunza nyaraka azunguke na rejista, nusu saa tu, alinganishe. Zilizopitwa na wakati azichane palepale. Asiziweke kwenye benchi kusubiri kutupwa: karatasi ya A1 ni nzuri mno kutandika chini ya mashine, na fundi atakayeilalia leo ndiye atakayeisoma kesho.